MAGARI YANAYOWASILIANA: Kutoka kidude cha basi la Kigoma mpaka mataa ya Dar

Kuna swali linajirudia sana kwenye maoni kila nikiandika habari za safari: kile kidude kinacholia mbele kwa dereva ni cha nini, kinaongea na nani, na sisi tunaokaa siti za nyuma kinatusaidia nini? Leo nimeamua kuliandika lote mahali pamoja, ili ukiulizwa tena kijiweni unampa mtu linki tu. Ni ndefu kiasi. Kama umelipia nusu saa hapo kafe, inakili kwenye flashi ukasome nyumbani.

Tuanze na maana. Gari linalowasiliana ni gari lolote lenye kifaa kinachojua kilipo na kinachoweza kutuma habari hiyo nje ya gari bila dereva kupiga simu. Ni hivyo tu. Watu wakisikia teknolojia ya magari wanafikiria yale yanayojiendesha yenyewe Marekani, kumbe hata Coaster ya mwaka 1995 yenye kioo kilichopasuka ikifungwa kifaa kinachofaa inaingia kwenye kundi hili.

Ndani ya kifaa kuna vitu vitatu. Kuna kipokezi cha GPS, ambacho kinasikiliza satelaiti zisizopungua nne na kupiga hesabu ya mahali kilipo kutokana na muda ambao mawimbi yamechukua kufika. Kuna laini ya simu, kama hiyo iliyoko kwenye simu yako, inayotuma hiyo hesabu kwa intaneti. Halafu kuna kumbukumbu ndogo, ili mkipita porini ambako mtandao hakuna, taarifa zisipotee, zitumwe mkifika penye mnara. Huko mwisho wa safari kuna seva, yaani kompyuta inayopokea taarifa za magari yote na kuziweka kwenye ramani.

Mnajua kwa nini mambo haya yalishika kasi baada ya mwaka 2000? Kabla ya hapo jeshi la Marekani, ambalo ndilo mwenye GPS, lilikuwa linavuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, kiasi kwamba kifaa chako kingeweza kukosea kwa karibu mita 100. Mei 2000 walizima ule uvurugaji, na makosa yakashuka mpaka mita chache. Mita 100 ni tofauti ya barabara mbili pale Kariakoo. Mita chache ni tofauti ya kujua basi liko kituoni au limeshapita.

Mawasiliano yenyewe yako ya namna tatu. Gari na ofisi, ndiyo tuliyonayo sisi. Gari na gari, yaani la mbele likifunga breki la nyuma linapata taarifa kabla dereva hajaona. Na gari na barabara, hasa gari na taa za kuongozea. Wajapani walianza mfumo wa kumpa dereva taarifa za foleni ndani ya gari tangu 1996. Marekani ilitenga masafa maalumu ya redio kwa ajili ya magari mwaka 1999. Na nchi za Umoja wa Ulaya tangu Machi 2018 zinataka kila aina mpya ya gari dogo iwe na kifaa kinachopiga simu ya dharura chenyewe ikitokea ajali. Fikiria kitu hicho kingekuwepo kwenye pori la Kibondo usiku.

KWETU HUKU

Kwa kweli Kigoma haikuanza na mabasi. Wazee wa Kasulu na Kibondo wanazikumbuka zile Land Cruiser nyeupe za mashirika ya wakimbizi, miaka ya 1990 Warundi na Wakongo walipomiminika na kambi kama Nyarugusu kufunguliwa mwaka 1996. Zilikuwa na antena ndefu mbele kama fimbo ya kuvulia samaki. Ile ilikuwa redio ya masafa marefu. Dereva alikuwa anaripoti kwa sauti: nimetoka, nimefika mahali fulani, narudi. Asiporipoti kwa muda, ofisini wanaanza kumtafuta. Wazo ni lile lile la leo. Kilichobadilika ni kwamba sasa mashine inaripoti, na mashine haiwezi kusema iko Makere wakati iko baa.

Mabasi yalifuata baadaye sana. Miaka ya 1990 serikali ilijaribu vidhibiti mwendo, vile vya kufunga kwenye mfumo wa mafuta ili gari lisizidi mwendo fulani. Mafundi wakavizoea haraka, vikawa vinalegezwa gereji kwa bei ya soda. Sumatra, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ndiyo iliyokuja na VTS, mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari, na mabasi ya mikoani yakaanza kufungwa mwaka 2017. Mwaka 2019 Sumatra ikaondoka, usafiri wa nchi kavu ukaenda LATRA, na VTS ikaenda nayo.

Kinavyofanya kazi: kikomo cha mabasi ya abiria kwa sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1973 ni kilomita 80 kwa saa. Basi likizidi hapo kifaa kinalia ndani ya gari, dereva na abiria wote wanasikia, na wakati huo huo taarifa inakwenda kwenye seva: basi namba fulani, mahali fulani, saa fulani, mwendo kiasi fulani. Mwenye basi anaona, na LATRA wanaona. Baadaye wakaongeza kitufe cha utambuzi wa dereva. Dereva aliyethibitishwa na LATRA anakigusisha kwenye kifaa kabla ya kuondoka, mfumo unajua ni nani ameshika usukani na ameshika kwa muda gani. Hiki kwangu mimi ndicho cha maana kuliko hata mlio. Kutoka Kasulu mpaka Dar ni zaidi ya kilomita elfu moja, na ajali nyingi za masafa marefu hazisababishwi na mwendo peke yake, kuna usingizi. Mtu ameshika usukani tangu alfajiri, na "dereva wa pili" aliyeandikwa kwenye karatasi yupo nyumbani kwake amelala na mke wake.

VTS ndiyo pia iliyofanya iwezekane kurudisha safari za usiku. Mabasi yalikuwa yamezuiwa kutembea usiku tangu miaka ya 1990 kwa sababu ya ajali na ujambazi, na nyie wa huku mnajua ilivyotutesa, kulala stendi ya mkoa usio wa kwenu ukikumbatia begi. Mwaka 2023 serikali ikaruhusu tena. LATRA ilitoa pia aplikesheni ya simu ambayo abiria anaweza kuangalia basi liko wapi na linakwenda mwendo gani. Kwa mtu anayempokea mama yake Stendi ya Magufuli pale Mbezi, hiyo peke yake inatosha kumwokolea nusu siku.

Lakini tusidanganyane, kifaa hakiendeshi gari. Mwaka juzi nilipanda basi moja, jina naliacha, tulipomaliza Nzega tu kile kidude kikaanza kulia na hakikunyamaza mpaka karibu na Igunga. Konda akaongeza sauti ya muziki. Yaani ufumbuzi wake ulikuwa huo! Mama mmoja siti ya nne akasimama akasema kwa sauti ya juu, "Kijana, punguza huo mziki tusikie tunavyokufa." Gari zima likacheka, halafu likanyamaza, halafu dereva akapunguza mwendo. Nilichojifunza ni kwamba mlio una nguvu pale tu wenye kuusikia wanapojua maana yake. Na kuna wanaokwenda mbali zaidi, wanachomoa nyaya au wanafunika antena. LATRA wenyewe wametangaza mara kadhaa kuwachukulia hatua wanaochezea mfumo. Ujanja wenyewe unajisema: kifaa kina betri yake ya ndani, ukikata umeme kinatuma taarifa kwamba kimekatwa, na basi linaloonekana Singida halafu linapotea kwenye ramani na kuibuka Dodoma muda mfupi mno baadaye, hesabu ya darasa la sita inamaliza kesi.

SASA TWENDE MJINI

Mpaka hapa nimeongelea usalama. Mimi hapa Muyama foleni kubwa niliyoizoea ni ya ng'ombe, kwa hiyo mara ya kwanza kuona Barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni nilidhani kuna ajali. Kumbe ndiyo hali yenyewe. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu milioni 4.36 mwaka 2012 na milioni 5.38 mwaka 2022. Watu milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi, na barabara hazinenepi kwa kasi hiyo.

Foleni inaharibu nini? Muda, wote tunajua. Lakini kuna mafuta. Tupige hesabu ya mfano tu, sio takwimu ya mtu. Daladala ya dizeli ikiwa imesimama injini inanguruma, tufanye inakunywa lita 1 kwa saa. Kwa siku ikisimama jumla ya saa 3, ni lita 3. Siku 300 za kazi, lita 900. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Kwa hiyo daladala moja inatoa zaidi ya tani 2.4 kwa mwaka bila kusogea hata mita moja. Zidisha mara elfu moja ya daladala: lita 900,000 na tani 2,430. Mafuta hayo yote yameagizwa kwa dola, yamechomwa, na hakuna abiria aliyesogezwa. Hapo sijagusa moshi anaovuta muuza maji anayezunguka katikati ya magari.

Sasa kuna njia tatu ambazo magari yanayowasiliana yanaweza kupunguza hasara hii.

Ya kwanza ni taa. Mataa mengi yetu yanafuata saa: sekunde kadhaa huku, sekunde kadhaa kule, awepo mtu asiwepo. Ndiyo maana trafiki anayazima na kuongoza kwa mkono. Watu wanamlaumu sana trafiki, mimi namtetea nusu. Yeye ana macho na taa hazina. Shida yake ni kwamba anaona makutano yake tu. Akiachia upande wa Kimara dakika kumi, anadhani amewasaidia, kumbe amewasukumia mwenzake wa Magomeni mzigo wasioweza kuubeba. Taa inayopokea taarifa za magari inajua foleni ina urefu gani pande zote na makutano yanayofuata yana nafasi kiasi gani. Na kama basi lenye watu 150 linakaribia, linaweza kuomba kijani kiongezwe sekunde chache lipite. Gari dogo lenye mtu mmoja linasubiri kidogo. Hiyo ndiyo haki ya barabara kwa maoni yangu, tupimane kwa watu, sio kwa bati.

Ya pili ni kuzuia mabasi kulundikana. Mnajua ile ya kusubiri dakika arobaini halafu yanakuja matatu yameongozana? Hakuna uchawi pale. Basi la kwanza likichelewa kidogo, vituoni watu wanakuwa wengi, kupanda kunachukua muda, linachelewa zaidi. La nyuma yake linakuta vituo vitupu, linakimbia, linalifikia la mbele. La tatu vile vile. Mwisho la mbele limejaa mpaka mlangoni na la tatu linatembea na upepo. Mtu mmoja ofisini akiona ramani ya mabasi yote anaweza kumwambia dereva wa pili asimame kituoni dakika mbili, na wa kwanza aruke kituo kimoja. Mafuta yale yale, madereva wale wale, abiria wengi zaidi.

Ya tatu ni kumwambia abiria ukweli. Ukijua basi litafika baada ya dakika sita utasubiri. Usipojua, ukipata hela kidogo utanunua pikipiki, na ukipata nyingi utanunua Vitz. Foleni inazaliwa hapo.

Uwanja wa kujaribia haya kwa Tanzania ulikuwa Mwendokasi. Wakala wa DART uliundwa mwaka 2007, na mabasi yenyewe yalianza kazi Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, karibu kilomita 21, kwa mabasi 140. Januari 2017 Rais Magufuli akazindua rasmi. Mradi ukailetea Dar tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, jiji la kwanza la Afrika kuipata. Njia peke yake ilipunguza mno muda wa mtu wa Kimara kufika Posta, na sio kwa sababu ya kompyuta, ni kwa sababu ya zege: mabasi yalipewa barabara yao.

Ila waliokuwa wakipanda wanajua kilichofuata. Mabasi yakaanza kuharibika, karakana ikawa Jangwani ambako mafuriko ya Msimbazi yaliyazamisha baadhi, vituo vikajaa watu mpaka wanapandia madirishani. Na pale kituoni, ambapo ungetegemea kibao kinachosema basi linalofuata liko wapi, abiria alikuwa anauliza abiria mwenzake. Ndiyo maana huwa nasema kifaa ni kama mita ya umeme. Mita inakuonyesha umeme umebaki kiasi gani, haikununulii. Kama mabasi ni pungufu, GPS itakuonyesha vizuri sana jinsi yalivyo pungufu. Njia ya Mbagala ilikaa na zege lake bila mabasi kwa muda mrefu mpaka mabasi ya gesi asilia yalipoingia mwaka 2025. Gesi ni yetu, inachimbwa Songo Songo tangu 2004, na hilo nalo linahesabiwa kwenye mambo ya mazingira.

Madaraja ya juu nayo, Mfugale pale Tazara mwaka 2018 na Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, yamesaidia makutano yenyewe. Lakini daraja linaondoa fundo moja tu, na uzi una mafundo mengi.

HESABU YA BOSI

Hapa nataka kukaa kidogo maana ndipo wataalamu wengi wanapita haraka. Dereva wa daladala wengi wao hawana mshahara. Asubuhi anachukua gari, jioni anapeleka kwa bosi kiasi kilichopangwa, kinaitwa hesabu. Mafuta juu yake. Konda na deiwaka wake juu yake. Kinachobaki ndiyo ugali wa kwake. Ukimwelewa mtu huyu unaelewa barabara ya Dar yote: kwa nini anakaa kituoni mpaka ajaze, kwa nini akishajaza anakimbia, kwa nini anapita pembeni kwenye vumbi, kwa nini anakatisha ruti jioni na kuwashusha watu njiani. Sasa mletee kidude kinachomwambia "subiri dakika mbili ili kumpa mwenzako nafasi". Mwenzake ni mshindani wake! Atakitupa dirishani.

Kwa hiyo ili magari yawasiliane kwa faida ya jiji, lazima kwanza wenye magari wakubaliane. Ushirika au kampuni moja kwa ruti moja, dereva analipwa kwa siku au kwa kilomita, nauli inaingia kwenye mfuko mmoja. Hapo kifaa kinakuwa na maana, kwa sababu kilomita zinahesabika na hakuna anayepoteza akisubiri. Bila hivyo kifaa kinabaki kuwa mnyapara wa bosi, sio msaada wa jiji.

MAJIRANI WAMEFANYA NINI

Nairobi walifanya kitu kizuri na cha bei rahisi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na watu wa vyuo vya Marekani, MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu zao, wakarekodi kila ruti na kila kituo. Mwaka 2014 wakatoa ramani ya ruti zaidi ya 130, ambazo mpaka hapo zilikuwa kwenye vichwa vya makonda tu, na mwaka 2015 zikaingia kwenye Google Maps. Simu tu, hawakufunga kifaa hata kimoja kwenye gari. Dar nao mwaka 2015 walikuwa na Ramani Huria, wanafunzi wakichora mitaa na mitaro ya maji kwa ajili ya mafuriko. Mimi hii ndiyo inanipa hamu, maana ni kazi ambayo kijana wa kidato cha nne mwenye simu na miguu anaweza kuifanya Kasulu kesho asubuhi.

Nairobi hiyo hiyo kuna mabasi ya umeme ya BasiGo yaliyoanza kubeba abiria 2022. Mwenye basi analipia kwa kilomita alizotembea, na kilomita zinahesabiwa na basi lenyewe na kutumwa. Kigali walianza na pikipiki za umeme za Ampersand mwaka 2019, betri ikiisha unabadilisha kituoni, na kila betri inajulikana iko wapi na imebakiza kiasi gani.

Kampala wamekwenda njia nyingine na inafaa tuiangalie kwa makini. Mwaka 2021 serikali ya Uganda iliingia mkataba na kampuni ya Urusi kuweka namba za gari za kidijitali zinazoweza kufuatiliwa, na Novemba 2023 wakaanza kuzitoa. Lengo lililotajwa ni kupambana na uhalifu, hasa mauaji yanayofanywa na watu wa pikipiki. Wanasheria na watetezi wa haki wakauliza: nani atakuwa anajua raia ameegesha kwa nani usiku? Swali halali kabisa. Ni teknolojia ile ile iliyopanga mabasi. Tofauti ni nani anatazama na anatafuta nini.

Duniani huko mbali, Google walitangaza mwaka 2023 mradi wa kushauri majiji namna ya kurekebisha muda wa taa kwa kutumia taarifa zinazotoka kwenye simu za madereva, bila kufunga chochote barabarani. Wanadai unaweza kupunguza kusimama kwenye mataa kwa hadi asilimia 30. Wanadai wao, mimi nanukuu tu. Maana taarifa za simu zina vituko vyake. Mwaka 2020 msanii mmoja wa Berlin, Simon Weckert, alijaza simu 99 kwenye mkokoteni, akatembea nao taratibu barabarani, na ramani ya Google ikaonyesha foleni nyekundu kwenye mtaa usio na gari. Mkokoteni! Kariakoo wangemtoza ushuru.

NA WEWE WA BODABODA

Usidhani haya ni ya wenye mabasi. Pikipiki nyingi zinazotolewa kwa mkopo siku hizi zina kifaa kilichofichwa chini ya siti au ndani ya taa. Ukichelewesha rejesho, mwenye mkopo anaweza kuizima kwa mbali. Asubuhi unapiga kiki, haiwaki, fundi anahangaika na plagi bure. Kwa mkopeshaji ni dhamana, na bila hiyo wengi wetu tusingekopeshwa. Lakini soma mkataba. Angalia kama unasema ni lini wanaruhusiwa kuizima, kama wanatakiwa kukupa taarifa kabla, na baada ya kumaliza deni nani anakitoa kifaa. Nimeona kijana wa huku alimaliza deni lote na kifaa bado kinatuma.

Sheria ipo. Tanzania ilitunga sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Mahali unapokwenda kila siku ni taarifa yako binafsi, kama ilivyo namba ya simu. Una haki ya kuuliza wanazikusanya kwa ajili gani. Kenya na Uganda walitunga zao mwaka 2019.

Kilichobaki kwa maoni yangu ni moja. Seva za VTS zimepokea safari za mabasi ya nchi nzima tangu 2017. Humo ndani kuna majibu ya mambo mengi: ni kona gani mabasi yanafunga breki ghafla kila siku, ni kipande gani cha Chalinze kinakula saa nzima, basi la Kigoma linapoteza muda kiasi gani kuingia Dar kati ya Kibaha na Mbezi. Mkazo mpaka sasa umekuwa kwenye kukamata wanaozidi 80, na hiyo ni sawa, imeokoa watu. Ila taarifa hizo zikifutwa majina ya madereva na namba za magari, halafu zikawekwa wazi kwa vyuo na halmashauri, wahandisi wa TANROADS na wa majiji wangekuwa na macho ambayo hawajawahi kuwa nayo. Na daladala za mjini ziingizwe, sio za mikoani tu.

Nasema hivi kwa sababu lami inakuja na huku. Mradi wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliupitishia fedha mwaka 2018, unatuunganisha mpaka Burundi. Malori yatakuwa mengi, Noah zitakimbia, na watoto wa shule wanatembea pembeni ya barabara hiyo hiyo. Stendi ya Kasulu haina hata ubao wa chaki unaosema gari la Buhigwe linaondoka saa ngapi.

Nimeanza kuandika ruti za Noah na Hiace zinazotoka Kasulu: zinaanzia wapi, nauli, gari la mwisho saa ngapi. Ya Manyovu na ya Heru Juu ninazo tayari. Ya Kibondo kupitia Makere ninayo nusu. Mdau mwenye ya Nyarugusu na ya Kakonko aziweke hapo chini kwenye maoni, na madereva wenye VTS njooni mseme upande wenu, hasa kile kitufe, maana nasikia kuna wanaoazimana.

Nawasilisha.